Biashara ya mtandao: Kabla ya kujiunga, uliza mnunuzi wa mwisho ni nani

WAKAZI wa Kitengela, Isinya, Ongata Rongai na mji wa Kajiado wanaifahamu vyema simu ya aina hii. Rafiki ambaye hamjaonana kwa muda mrefu anakujulia hali, anawaulizia watoto, kisha anasema ana jambo zuri ambalo angependa ulisikie. Ukimuuliza ni jambo gani, anajibu kwamba haliwezi kuelezwa kwenye simu. Unaalikwa hotelini au nyumbani kwa mtu Jumamosi alasiri. Ukifika unawakuta watu waliovalia nadhifu, mzungumzaji mwenye ufasaha, meza iliyopangwa sabuni, dawa za meno na vidonge vya lishe, na ubao wenye mchoro wa duara moja linalozaa maduara mengine.

Hiyo ndiyo biashara ambayo kwa Kiswahili imezoeleka kuitwa biashara ya mtandao. Neno mtandao hapa halimaanishi intaneti bali watu walioungana kwa ngazi. Anayejiunga hulipa kiingilio au hununua bidhaa za kuanzia. Baada ya hapo hutarajiwa kupata pesa kwa njia mbili: faida ya bidhaa anazouza mwenyewe, na kamisheni inayotokana na ununuzi wa watu aliowaandikisha, pamoja na wale ambao hao nao wamewaandikisha.

Makala haya hayakusudii kumkataza mtu biashara halali. Yanakusudia kueleza kwa nini shaka anayokuwa nayo mtu anayetoka katika mkutano kama huo ni shaka yenye msingi, na ni swali gani moja litakalomsaidia kuipima. Swali hilo ni hili: bidhaa hizi, mwishowe, zinanunuliwa na nani?

Asili ya mfumo

Mfumo huu ulianzia Marekani. Kampuni ya Amway, ambayo jina lake limekuwa kama kielelezo cha biashara hii, iliasisiwa mwaka wa 1959 katika jimbo la Michigan na Jay Van Andel na Rich DeVos, marafiki wawili waliokuwa wameanza kwa kusambaza vidonge vya lishe. Badala ya kuajiri wauzaji na kuwalipa mishahara, kampuni iliwaachia watu binafsi wauzie jamaa na majirani zao, na kuwatuza kwa kuleta wauzaji wengine.

Katika Kenya, majina kama GNLD, Forever Living na Tiens yamejulikana kwa miaka mingi. Kampuni za aina hii zina bidhaa halisi, na wapo watu wanaozipenda bidhaa hizo na kuzinunua bila kusukumwa na mtu. Kwa hivyo si sahihi kusema kwamba kila biashara ya mtandao ni ulaghai.

Mpaka kati ya biashara na ulaghai ulijadiliwa kwa kina mwaka wa 1979, wakati Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani, inayojulikana kama FTC, ilipotoa uamuzi wake kuhusu Amway. Tume iliamua kwamba kampuni hiyo haikuwa mradi wa piramidi, ingawa iliilaumu kwa kupanga bei na kwa kutia chumvi mapato ambayo wanachama wangeweza kupata. Miongoni mwa mambo yaliyoiokoa Amway ni kanuni zake tatu. Mwanachama alitakiwa kuwa ameuza angalau asilimia 70 ya bidhaa alizonunua kabla ya kununua nyingine. Alitakiwa kuuzia wateja wasiopungua 10 kila mwezi. Na kampuni ilikubali kuzinunua tena bidhaa zilizokosa soko kutoka kwa anayejitoa.

Ukizitazama kanuni hizo utaona kwamba zote zinalenga jambo moja. Zinahakikisha kuwa pesa zinazoingia zinatoka kwa wateja wa nje, yaani watu wanaoitaka sabuni kwa ajili ya kuogea, wala si kwa watu wanaoinunua sabuni ili wahesabiwe kuwa wanachama hai. Pesa zinapotoka nje, hiyo ni biashara. Zinapotoka mifukoni mwa wanaojiunga pekee, bidhaa imekuwa kisingizio cha kuhamisha pesa kutoka kwa waliochelewa kujiunga hadi kwa waliotangulia.

Hesabu ya Kitengela

Katika mikutano mingi mzungumzaji huchora mtu mmoja, kisha watu 6 chini yake. Kila mmoja wa hao akiandikisha 6, wanakuwa 36. Mchoro huishia hapo, au hatua moja mbele, kwa kuwa nafasi ya ubao imekwisha. Hebu tuuendeleze.

Ngazi ya 3 ina watu 216. Ya 4 ina 1,296, ya 5 ina 7,776, na ya 6 ina 46,656. Ngazi ya 7 inahitaji watu 279,936. Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu wakazi 154,436 mjini Kitengela, wakiwemo watoto wachanga na wanafunzi wa shule za msingi. Kwa maneno mengine, mtu mmoja akianzisha mtandao huo Kitengela na kila mwanachama akatimiza anachoambiwa, mji utakwisha kabla ya ngazi ya saba kujaa.

Je, tukitoka nje ya mji? Ngazi ya 8 inahitaji watu 1,679,616. Kaunti nzima ya Kajiado, kuanzia Ngong hadi Loitokitok na kuanzia Kitengela hadi Namanga, ilikuwa na watu 1,117,840 katika sensa hiyo. Ngazi ya 10 inahitaji watu 60,466,176, ilhali Wakenya wote waliohesabiwa mwaka huo walikuwa 47,564,296.

Mtetezi wa mfumo huu atajibu kwamba hakuna mtandao unaokua namna hiyo, kwa sababu wengi hawaandikishi mtu yeyote na wengine huacha. Jibu hilo ni la kweli, na kwa hakika ndilo linalothibitisha hoja. Ahadi inayotolewa ubaoni haiwezi kutimia kwa kila aliyeketi ukumbini. Chukua ngazi 6 za kwanza pekee. Zina jumla ya watu 55,986. Kati yao, 46,656 wako katika ngazi ya mwisho, na hawana mtu hata mmoja chini yao. Hao ni zaidi ya watu 8 kati ya kila 10. Hawakuwa wavivu, wala hawakukosa imani. Wamefika wakati mti umekwisha kukua, na kazi yao katika mti huo ni kuwa mizizi.

Takwimu zinazotolewa na kampuni zenyewe zinaelekea upande huo huo. Mnamo Septemba 2024, wataalamu wa FTC walichapisha uchunguzi wa taarifa za mapato za kampuni 70 za mfumo huu nchini Marekani. Waligundua kwamba wanachama wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, yaani chini ya dola 84 kwa mwezi, na hiyo ni kabla ya kuondoa gharama zao. Katika kampuni zisizopungua 17, wanachama wengi hawakupata chochote. Tena taarifa nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa namna inayotangulizia mapato ya wachache walio juu na kuziacha nje gharama za walio chini.

Funzo la kware

Wasomaji wa Kenya hawahitaji kwenda Marekani ili kuelewa soko lisilokuwa na mnunuzi wa mwisho. Kati ya mwaka wa 2013 na 2014, nchi ilishikwa na homa ya ufugaji wa kware. Yai moja la kware liliwahi kuuzwa kwa takriban Sh100. Ilisemekana kwamba mayai hayo yanatibu magonjwa mengi. Watu walipanga foleni kutafuta vibali vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wakajenga vizimba nyuma ya nyumba, na wengine wakachukua mikopo.

Lakini wanunuzi wakubwa wa ndege na mayai hayo hawakuwa wapishi wala wagonjwa. Walikuwa wafugaji wapya, waliohitaji mbegu ya kuanzia. Maadamu wafugaji wapya waliendelea kujitokeza, bei ilikaa juu na kila aliyetangulia alionekana mjanja. Idadi ya waliotaka kuanza ilipopungua, ilibainika kwamba Wakenya waliotaka kula yai la kware kila asubuhi walikuwa wachache mno. Bei iliporomoka na ndege wakageuka mzigo kwa wenyewe.

Hakuna aliyedanganywa kuhusu kuwepo kwa kware. Ndege walikuwa halisi na mayai yalikuwa halisi. Kilichokosekana ni mlaji. Ndiyo maana haitoshi kuambiwa kwamba kampuni ina bidhaa, kwamba ina ofisi Nairobi, au kwamba inafanya kazi katika nchi nyingi. Bidhaa inaweza kuwa halisi na biashara ya kuisambaza ikawa haina soko.

Daftari la mwezi mmoja

Njia nyingine ya kuipima ahadi ni kuiandika katika daftari kama anavyofanya mwenye duka. Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu rahisi. Mkazi wa Kitengela amejiunga kwa kununua bidhaa za kuanzia za Sh12,000. Ili aendelee kuhesabiwa kuwa hai na kustahiki kamisheni, anatakiwa kununua bidhaa za Sh5,000 kila mwezi. Akiziuza kwa nyongeza ya asilimia 25, atapata Sh6,250, na faida yake itakuwa Sh1,250.

Sasa tuhesabu gharama. Mkutano wa kila wiki Nairobi unamgharimu nauli ya Sh200 kwenda na kurudi, hivyo Sh800 kwa mwezi. Muda wa maongezi na data ya kuwatafuta wateja ni Sh500. Viingilio vya semina ni Sh400. Jumla ni Sh1,700. Hata akiuza kila kitu, mwezi unaishia na hasara ya Sh450. Akiuza nusu tu ya bidhaa, amepokea Sh3,125 na ametoa Sh6,700. Pengo ni Sh3,575, na nusu ya bidhaa imebaki kabatini ikisubiri tarehe yake ya kuharibika.

Ili gharama hizo zirudi bila faida yoyote, mtu huyo lazima auze bidhaa za Sh8,500 kila mwezi. Hapo bado hajaanza kuzirejesha zile Sh12,000 za mwanzo, na bado hajahesabu ujira wa siku zake. Kila msomaji aweke tarakimu za kampuni anayoalikwa mahali pa hizi. Huenda zake zikawa nzuri zaidi, lakini ni afadhali azijue kabla ya kutoa pesa kuliko baadaye.

Katika hesabu kama hii ndipo shinikizo la kuandikisha wengine linapozaliwa. Mwanachama anapoona kwamba mauzo hayamlipi, huambiwa kwamba pesa halisi ziko katika kujenga timu. Hapo lazima tusimame na kutafakari. Muuza maziwa wa Kitengela hamwombi mteja wake awe muuza maziwa katika mtaa huo huo. Mama mboga hamshawishi jirani afungue kibanda mkabala na chake. Mfanyabiashara wa kawaida hutafuta wateja na kuwaogopa washindani. Biashara inayomtaka mtu ageuze wateja wake wote kuwa washindani wake inatuambia jambo kuhusu mahali pesa zinakotoka.

Kwa nini Kajiado

Mfumo huu unaweza kustawi popote, lakini mazingira ya Kajiado yanaupa rutuba. Idadi ya watu wa kaunti hii ilikuwa 687,312 katika sensa ya 2009, na miaka 10 baadaye ilikuwa imepita milioni moja. Kitengela, ambayo zamani ilikuwa malisho ya mifugo na njia ya wanyamapori wanaotoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, imekuwa mji wa wahamiaji. Wako wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, vibarua wa mashamba ya maua, walimu, wahudumu wa bodaboda, na watumishi wanaofanya kazi Nairobi na kulala huku kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu.

Mhamiaji hana ukoo jirani. Ndugu zake wa mjini ni waumini wenzake, wanachama wa chama chake cha akiba, na wapangaji wa ploti moja. Hao ndio anaowaamini, na hao ndio wa kwanza kuandikwa katika orodha ya majina 100 ambayo mwanachama mpya huombwa kuiandaa. Hivyo rasilmali inayouzwa kwa kweli si sabuni bali ni imani iliyojengwa polepole kanisani, msikitini na chamani. Pesa zikipotea, chama nacho huvunjika, na mkopo wa dharura ambao ungemsaidia mtu wakati wa ugonjwa haupatikani tena.

Kwa upande mwingine wako wenyeji. Tangu mashamba ya pamoja yaanze kugawanywa, familia nyingi za Wamaasai zimeuza vipande vya ardhi na kupokea fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Nazo familia za wafugaji zilizopoteza mifugo katika ukame wa 2008 na 2009, na tena katika ukame mkali wa 2021 na 2022, zina sababu nzuri ya kutafuta mapato yasiyotegemea mvua. Anayekuja na ahadi ya kipato kisichokauka anaongea na mtu aliyezika ng'ombe. Haifai kumcheka mtu huyo kwamba ana tamaa. Ana haja, na haja ndiyo inayomfanya mtu asiulize maswali mengi.

Mipango iliyokuwa mibaya zaidi

Ni lazima kutofautisha biashara ya mtandao yenye bidhaa na mradi wa piramidi ambao hauna lolote isipokuwa pesa za wanaojiunga. Hata hivyo, historia ya miradi hiyo inaeleza kwa nini Wakenya wana haki ya kuwa waangalifu.

Kati ya mwaka wa 2006 na 2007, miradi ya piramidi ilienea nchini ikiahidi kuzalisha akiba za watu kwa wiki chache. Mingi iliporomoka. Jopo lililoundwa na serikali na kuongozwa na marehemu Francis Nyenze liliripoti mwaka wa 2009 kwamba zaidi ya watu 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya Sh8 bilioni. Mwaka huo huo wa 2009, nchi jirani ya Tanzania iliusimamisha mpango wa DECI, ambao wanachama wake walifundishwa kuyaita malipo yao kupanda mbegu na kuyaita marejesho mavuno. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na lugha hiyo ya kiroho iliwafanya waumini wengi waone kuuliza maswali ni sawa na kukosa imani.

Baadaye sura ilibadilika. TelexFree, iliyoanzishwa Marekani, iliuza vifurushi vya kupigia simu kwa intaneti na kuwalipa wanachama kwa kubandika matangazo. Ilipata wafuasi hadi Afrika Mashariki kabla ya wakuu wa Marekani kuishtaki mwaka wa 2014 kwamba ni piramidi. Bidhaa ilikuwepo, lakini karibu mapato yote yalitoka kwa waliojiunga. Mwaka wa 2022 Wakenya waliachwa mikono mitupu na programu ya simu iliyojiita Amazon Web Worker Africa, ambayo haikuwa na uhusiano na kampuni kubwa ya Amazon ya Marekani.

Hata kampuni kubwa inayotambulika inaweza kukosolewa. Mwaka wa 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola 200 milioni na kubadilisha muundo wake nchini Marekani, baada ya FTC kudai kwamba wanachama walituzwa kwa kuandikisha na kununua, badala ya kuuza. Miongoni mwa masharti ya makubaliano hayo ni kwamba tuzo zitegemee mauzo kwa wateja halisi, yenye ushahidi. Swali likawa lile lile la 1979.

Shaka inavyonyamazishwa

Anayehudhuria mikutano kadhaa ataona kwamba maswali ya kifedha hujibiwa kwa majibu ya kitabia. Ukiuliza wanachama wangapi wa Kitengela walipata faida mwaka jana, unaambiwa kwamba waliofanikiwa hawaulizi, wanatenda. Ukitaja gharama, unaambiwa una fikra za kimaskini. Ukisema utashauriana na mume au mke wako, unaonywa dhidi ya wavunja ndoto. Ukishindwa, kosa ni lako kwa sababu hukufuata mfumo.

Kanuni hiyo ina hila kubwa: mafanikio yote yanahesabiwa kuwa ya mfumo, na hasara zote zinahesabiwa kuwa za mtu. Biashara nyingine haziendeshwi hivyo. Mwenye kuuza trekta hujibu swali kuhusu mafuta. Afisa wa Sacco hujibu swali kuhusu riba. Anayekasirishwa na swali la hesabu hana jibu la hesabu.

Vilevile gari jipya linaloegeshwa nje ya ukumbi si ushahidi. Huenda limenunuliwa kwa mkopo. Na hata kama limetokana na kamisheni, linathibitisha tu kwamba mtu mmoja yuko juu. Halisemi lolote kuhusu walio chini wanaolilipia.

Cheti si leseni

Wengi huridhika wanapoonyeshwa cheti cha usajili wa kampuni, namba ya mlipa kodi na kibali cha biashara cha kaunti. Nyaraka hizo zinathibitisha kwamba kampuni ipo kisheria na kwamba inatakiwa kulipa kodi. Hazithibitishi kwamba mpango wake wa malipo ni salama.

Kampuni inayopokea amana kutoka kwa umma inahitaji leseni chini ya Sheria ya Benki, ambayo husimamiwa na Benki Kuu ya Kenya. Sacco inayopokea amana husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Sacco, SASRA. Anayewaalika watu wawekeze pesa kwa matarajio ya faida huenda akahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Mashirika haya huchapisha majina ya wenye leseni, na kuyakagua ni kazi ya dakika chache. Bidhaa inayodaiwa kutibu kisukari, shinikizo la damu au saratani nayo ni suala la Bodi ya Dawa na Sumu. Mgonjwa asiache dawa zake za hospitali kwa maneno ya muuzaji, hata akiwa ndugu.

Maswali ya kuuliza

Kwa muhtasari, anayealikwa na aulize mambo haya na atake majibu yaliyoandikwa.

Kwanza, kati ya bidhaa zilizouzwa mwezi uliopita, ni kiasi gani kilinunuliwa na watu ambao si wanachama? Pili, mtu anaweza kupata faida kwa kuuza tu, bila kuandikisha yeyote? Tatu, je, kuna ununuzi wa lazima wa kila mwezi, na nini kitatokea nisipoufanya? Nne, nikijitoa, kampuni itazinunua tena bidhaa zilizobaki, kwa bei gani na kwa muda gani? Tano, bidhaa kama hii inauzwa kwa bei gani katika duka la jumla au la dawa hapa mjini? Sita, mwanachama wa kawaida, wala si anayesimama jukwaani, alibaki na kiasi gani mwaka jana baada ya gharama?

Kampuni yenye soko halisi haitaona ugumu kuyajibu. Inayokataa kuyajibu imekwisha kujibu.

Pesa za kujaribia, ikiwa mtu ameamua kujaribu, ziwe zile ambazo zikipotea hazitamfukuza mtoto shule. Zisiwe za karo, za mkopo wa Sacco, wala za shamba lililouzwa. Na asiandikishe mtu mwingine kabla yeye mwenyewe hajapata faida kwa kuuza kwa miezi kadhaa, ili asimwingize jirani katika jambo ambalo hajalithibitisha.

Kwa yule anayeogopa kumwudhi aliyemwalika, ipo njia ya heshima. Anaweza kusema, "Dada, dawa ya meno nitanunua kwako ikinifaa, lakini uanachama sitauweza." Jibu hilo linalinda udugu, na pia linaipima biashara yenyewe. Ikiwa muuzaji atafurahi kupata mteja, huenda kweli anauza dawa ya meno. Akihuzunika kwamba amepata mteja tu, basi huenda dawa ya meno siyo aliyokuja kuuza.

Na aliyekwisha kujiunga asione haya kufunga hesabu. Aandike yote aliyotoa na yote aliyopokea tangu siku ya kwanza, asimamishe ununuzi wa mwezi ujao hadi bidhaa zilizo kabatini ziishe, na adai kwa maandishi kurejeshewa thamani ya zilizosalia ikiwa mkataba unaruhusu. Ikiwa ameahidiwa faida ya uwekezaji na kampuni isiyo na leseni, ahifadhi risiti na ujumbe wa malipo ya simu, na apeleke malalamiko kwa CMA au Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Wengi walionyamaza mwaka wa 2007 kwa kuona aibu waliwapa walaghai muda wa kutosha wa kuhamia mji mwingine.